Boti ya trela, boti ya boyani au ya kukodi: hesabu ya mwaka mzima

Shemeji yangu alinipigia simu Jumanne mchana, saa za kazi, jambo ambalo si kawaida yake. "Shem, nimepata boti." Akanitajia urefu, rangi, viti, redio, na kwamba mwenyewe anahama nchi, kwa hiyo bei ameishusha. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza, "Italala wapi?"

Kimya. Nadhani alitarajia nimuulize habari za injini.

Nimewahi kumiliki boti mbili hapa Dar es Salaam. Ya kwanza ililala juu ya trela, ya pili ililala majini imefungwa kwenye boya, na kati ya hizo mbili nilikaa miaka mitatu bila boti, nikikodi kila nilipotaka kwenda kisiwani. Kwa hiyo sikumuuliza ili kumkatisha tamaa. Bei ya kununua ni kiingilio tu, unailipa mara moja ukaisahau. Kinachorudi kila mwaka, uende baharini usiende, kinategemea mahali chombo kinapolala kuliko ukubwa wa mashine yake. Aliniomba nimwandikie hesabu, nikamwandikia. Hii hapa ni ile ile, nimeisafisha kidogo.

Zinazolinganishwa

Boti ndogo ni ya faiba, futi 19, ya wazi yenye turubai la kivuli, na mashine moja ya nguvu za farasi 40, ya kuchanganya oili kwenye petroli. Inalala juu ya trela katika uwanja wenye mlinzi, si mbali na pwani. Inachukua watu watano au sita kwa raha.

Boti kubwa nayo ni ya faiba, futi 26, ina kibanda cha nahodha na mashine mbili za 115 kila moja, za mipigo minne, yaani oili yake hukaa ndani ya injini kama ya gari. Inalala kwenye boya katika ghuba ya Msasani mwaka mzima. Watu kumi, deli la barafu, fimbo za kuvulia.

Ya tatu si boti. Ni namba ya simu ya nahodha.

Shilingi nitakazotaja hapa chini ni za kupigia hesabu, kila mtu aweke bei za kwake. Petroli nimeiweka 3,000 kwa lita. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta Tanzania, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo ibadilishe hiyo kabla hujaanza kujumlisha. Za kushika ni lita na saa, maana mashine haijui bei imepanda.

Kulala nchi kavu, kulala majini

Boti ndogo ikirudi inatoka majini. Hilo peke yake linakuondolea nusu ya gharama ambazo mwenye boti kubwa anazijua kwa majina. Haioti chaza, haihitaji rangi ya kuzuia viumbe vya baharini, haina mnyororo wa boya wa kukagua. Unaiosha kwa maji baridi, unafunga yale masikio ya mpira yanayounganishwa na bomba, unaiacha mashine ingurume dakika kumi au kumi na tano mpaka chumvi iliyomo kwenye njia za maji itoke, basi. Maji na sabuni.

Adui wa boti ya trela ni trela yenyewe. Watu hununua boti wakakagua kila msumari wa boti, trela wakaipiga teke la tairi tu. Ukifika ufukweni baada ya mwendo mrefu, beringi za magurudumu ni za moto. Ukizizamisha papo hapo, zinapoa ghafla na kuvuta maji ya chumvi ndani. Miezi michache baadaye gurudumu linaanza kulia, na siku ya kukatika haitakuwa pale uwanjani, itakuwa barabarani na boti ikiwa juu. Subiri zipoe, tia grisi kila mwezi, na weka akiba ya beringi na tairi kila mwaka. Tairi za trela huzeeka kwa jua kabla hazijaisha kwa mwendo, kwa sababu zimesimama sehemu moja wiki nzima. Mimi naweka 400,000 kwa mwaka kwa ajili ya trela tu, na sijawahi kubakiwa na chenji ya kujivunia.

Sasa boti ya boyani. Raha yake naikiri: unafika, unapanda kidau, baada ya dakika kumi umeshang'oka. Hakuna kutafuta gari la kuvuta, hakuna kubabaika kwenye mteremko huku watu wamesimama wanatoa ushauri. Lakini maji ya bahari yetu ni ya moto na yana uhai mwingi. Chombo kikikaa wiki tatu bila kusogea, ukipitisha kiganja chini ya mkuku unakuta ndevu za mwani. Zikipita wiki sita, vile vijichaza vyenye makali vimeshashika na ngozi ya mkono inabaki hapo. Boti yenye ndevu haikimbii. Inainua maji mengi, inakula mafuta, na wewe unaanza kulaumu mashine.

Dawa ni rangi maalumu yenye shaba ndani yake, inayopakwa kila mwaka. Boti ya futi 26 inataka lita kama 4 kwa mikono miwili ya rangi. Ukipaka, usiifikishe kwenye miguu ya mashine. Mguu ni wa alumini, na shaba na alumini zikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Nimeona mguu wa mashine uliotobokatoboka kama mkate kwa sababu mwenyewe alitaka rangi ifanane juu mpaka chini.

Na kati ya rangi moja na nyingine kuna kusugua. Hapa pwani tuna chelezo (mahali pa kupandishia chombo kwa matengenezo) la bure: bamvu, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za bamvu tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na Dar es Salaam mambo yamepangika vizuri: maji yanajaa mnamo saa kumi alfajiri, yanakupwa mnamo saa nne asubuhi. Tulikuwa tunaisogeza boti mchangani gizani, kamba mbili omo (mbele), mbili tezi (nyuma), matairi chakavu na magunia ya mchanga ubavuni, mashine zimeinuliwa. Ikifika saa mbili imeshakaa. Hapo ndipo mbio zinaanza: watu watatu, vikwangua vya mabati, magunia ya katani, ndoo. Mgongo wote chini ya boti, maji ya chaza yanakudondokea machoni, harufu yake inakufuata mpaka Jumatatu ofisini. Saa sita ikipita kidogo, wimbi la kwanza linagusa tezi na kazi imekwisha, hata kama hujamaliza. Fanya hivyo kila baada ya miezi miwili, walipe vijana wawili, na usijidanganye kwamba ni bure kwa sababu hakuna risiti.

Juu yake weka boya lenyewe. Kule chini kuna zege, mnyororo na pingu ya chuma, na mnyororo huisha pale unapokunjika na kukunjuka mchangani, mahali ambapo huwezi kupaona ukiwa juu. Mzamiaji akague walau mara moja kwa mwaka, kabla kusi haijaanza kuvuma. Mwenye boya jirani na mimi aliruka mwaka mmoja. Boti yake tuliikuta kwenye mawe asubuhi, imelala ubavu, bado imefungwa vizuri kabisa kwenye boya lake.

Kisha mlinzi. Mashine za boti zinaibwa. Fundi mwenye spana mbili anaing'oa ya 40 kwa dakika chache na watu wawili wanaondoka nayo mabegani. Boti ndogo inachangia mlinzi na boti nyingine uwanjani. Boti kubwa, ukweli ni kwamba inataka mtu wake, anayelala karibu, anayetoa maji ya mvua ndani, anayewasha mashine mara moja kwa wiki. Mshahara wake ni wa miezi kumi na miwili. Masika hayampunguzii njaa.

Mashine

Hapa tofauti ya moja na mbili si mara mbili kama watu wanavyodhani.

Mashine ya 40 ya kuchanganya oili ni mnyama rahisi. Nyingi zina silinda mbili, plagi mbili, impela moja, na oili ya gia isiyofika lita. Haina oili ya injini ya kumwaga wala filta yake. Kila fundi wa diko, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, kutoka Kunduchi mpaka Kilindoni, ameshaifungua na kuifunga. Gharama yake inakuja kidogo kidogo ndani ya tangi: lita 1 ya oili kwa kila lita 50 za petroli, na oili iwe ya boti, si ile ya bodaboda.

Mashine ya 115 ya mipigo minne ina silinda nne, kwa hiyo mbili zina plagi nane. Oili ya injini ni lita nne na ushee kwa kila moja, na filta, na filta ya petroli, na impela mbili, na gia mbili. Watengenezaji wanataka huduma kila saa 100 au kila mwaka, kinachotangulia. Hilo neno "kinachotangulia" ndilo linalowaumiza wasiotoka. Umetembea saa 15 mwaka mzima, oili bado inamwagwa.

Tena kuna vile vipande vya madini vinavyofungwa kwenye mguu ili viliwe badala ya mashine. Vikibaki nusu, badilisha. Baharini tumia zinki au alumini, ziwani kwenye maji baridi tumia magnesi au alumini. Ni vya bei ndogo kuliko chochote kingine kwenye orodha hii na ndivyo vinavyosahauliwa zaidi, ukiacha impela.

Habari ya impela niieleze maana imenigharimu. Ni kipande cha mpira chenye mabawa, kipo ndani ya mguu wa mashine, kinavuta maji ya kupoza injini. Unajua kinafanya kazi kwa sababu mashine "inakojoa": kuna mchirizi mwembamba wa maji unaotoka nyuma ukiruka kama uzi. Fundi aliyeniuzia boti ya kwanza aliniambia impela ni mpya. Sikuifungua. Mwaka wa pili sikuifungua pia, kwa sababu uzi ulikuwa unaruka vizuri. Mwaka wa tatu, Jumapili moja tukitoka kisiwa cha Bongoyo saa kumi jioni, mwanangu akasema, "Baba, mbona haikojoi?" Nikageuka. Ule uzi ulikuwa umekuwa matone. Nilizima, lakini nilikuwa nimeshachelewa kwa dakika kadhaa, gasketi ya kichwa ilikuwa imeungua. Tulirudi tumevutwa na boti ya wavuvi, nikiwa nimeshika kamba na kutazama upande mwingine. Kipande cha mpira ambacho ningekinunua kwa pesa ya chakula cha jioni cha familia kilinilipisha matengenezo ya miezi miwili. Sasa naibadilisha kila Januari, iwe nzima au mbovu.

Boti kubwa inayo faida moja hapa ambayo haiingii kwenye jedwali. Mashine moja ikigoma, ya pili inakurudisha nyumbani.

Je, boti ndogo ifungwe mashine ya 40 ya mipigo minne badala ya ile ya kuchanganya? Kwa saa 90 za mwaka (safari 30 za saa 3) utaokoa pengine robo ya petroli, na oili ya kuchanganya yote. Lakini bei yake ya kununua iko juu, na uzito wake unakaribia kilo 100, wakati ile nyingine ni kilo 70 na kitu. Anayekwenda baharini kila wiki atarudisha tofauti. Anayekwenda mara moja kwa mwezi, labda mjukuu wake.

Mafuta

Watu wote huanza na mafuta na mimi nimeyaweka hapa katikati makusudi. Siku moja ya kawaida, kwenda Mbudya au Bongoyo, kuzunguka kidogo, kuvua, kurudi, ni saa 3 za injini. Mashine ya 40 kwa mwendo wa wastani inakula lita 12 hivi kwa saa, ukiifungulia yote ni karibu 20. Basi siku moja ni lita 36, sawa na 108,000, na oili yake kama 11,000.

Mashine mbili za 115 kwa mwendo wa kusafiri, weka lita 45 kwa saa zote mbili pamoja. Saa 3 ni lita 135: shilingi 405,000 kabla hujanunua barafu. Na hiyo ni boti iliyosuguliwa.

Karatasi na mambo ya usalama

Sitakaa sana hapa. Bara, chombo kinakaguliwa na TASAC, Zanzibar ni mamlaka yao ya usafiri baharini, Kenya ni KMA. Utahitaji usajili, ukaguzi na leseni, na mkaguzi atahesabu majaketi okozi moja moja, ataangalia tarehe ya kizimamoto na ya fataki za kuombea msaada. Fataki zina tarehe ya mwisho, kwa hiyo nazo ni gharama inayorudi. Jaketi okozi la mtoto linunue kwa uzito wa mtoto aliyepo leo, si atakayekuwepo.

Kushuka Bongoyo, Mbudya, Pangavini au Fungu Yasini mnalipa kiingilio kwa kila mtu, maana ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Kiingilio ni kile kile umekuja na boti yako au ya kukodi, kwa hiyo hakiingii kwenye ulinganisho.

Bima nimeiweka kwa asilimia 3 ya thamani ya chombo. Ukikosa bima ya chombo, usikose ile ya kumlipa mtu utakayemuumiza. Waogeleaji hawaonekani kirahisi jua likiwa mbele yako.

Jumla

Boti ndogo, nikiithaminisha 25,000,000: uwanja na mlinzi 1,200,000, huduma na vipuri 900,000, karatasi na vifaa vya usalama 500,000, bima 750,000, trela 400,000, na akiba ya mashine mpya, yaani 12,000,000 kugawanya kwa miaka 8, ni 1,500,000. Jumla 5,250,000 kwa mwaka kabla haijagusa maji. Kila safari inaongeza 149,000: petroli, oili, na 30,000 ya kijana wa kusaidia kushusha na kuosha.

Boti kubwa, kwa thamani ya 120,000,000: boya na eneo 3,000,000, baharia wa kudumu 4,200,000, rangi na kusugua 2,500,000, huduma ya mashine mbili 3,500,000, bima 3,600,000, karatasi na vifaa 1,000,000, akiba ya mashine, 60,000,000 kwa miaka 10, ni 6,000,000. Jumla 23,800,000. Kila safari inaongeza 405,000.

Kukodi boti ndogo na nahodha wake na mafuta yake, nimeweka 350,000 kwa siku. Muulize wa kwako.

Sasa kila safari inakugharimu kiasi gani, ukijumlisha yote:

| Safari kwa mwaka | Boti ndogo | Boti kubwa | Kukodi ndogo |
|---|---|---|---|
| 10 | 674,000 | 2,785,000 | 350,000 |
| 30 | 324,000 | 1,198,000 | 350,000 |
| 60 | 236,500 | 802,000 | 350,000 |

Mstari wa kwanza ndio wenye boti wengi wanaoishi ndani yake bila kujua, kwa sababu hakuna anayegawanya. Mlinzi analipwa leo, rangi inalipwa mwezi wa saba, na petroli pekee ndiyo inayolipwa siku ya safari, basi mtu anadhani safari ni petroli.

Boti ndogo inaanza kuwa nafuu kuliko kukodi kuanzia safari ya 27 hivi. Zinasikika chache, lakini chukua kalenda. Mwaka una Jumapili 52. Kusi likikaza, wiki nyingi za Juni mpaka Agosti bahari inachafuka na watoto wanatapika kabla hamjatoka ghubani. Masika ya Aprili na Mei yanachukua zake. Toa Ramadhani kama unafunga, toa harusi, misiba, vikao vya harusi, mitihani ya watoto, na zile Jumapili ambazo umechoka tu. Zinazobaki nzuri ni maleleji, kipindi bahari inapotulia kati ya pepo mbili, na asubuhi za kaskazi kabla upepo haujashika. Mwaka wangu bora kabisa na boti ya trela nilifikisha safari 31. Mwaka wangu mbovu, 8. Wastani wa miaka yote siutaji kwa sababu mke wangu husoma ninachoandika.

Boti kubwa hailinganishwi na kukodi boti ndogo, itakuwa ni kuionea. Ilinganishe na kukodi kubwa ya kuvulia, tuseme 1,200,000 kwa siku: hapo inajilipa kwenye safari ya 30. Kwa hiyo namba za safari zinakaribiana. Isipokuwa ukikosea kwenye boti ndogo umepoteza milioni chache, ukikosea kwenye kubwa umepoteza gari.

Ambayo hesabu haiyaoni

Kukodi kuna udhia wake. Sikukuu ya Idd na mwisho wa mwaka kila nahodha ana watu, na bei inapanda papo hapo ufukweni. Majaketi okozi unayakuta yamekaa juani miaka, kwa hiyo sisi tulikuwa tunakwenda na ya kwetu. Huwezi kuamka saa kumi na moja alfajiri ukasema bahari ni kioo, twende. Na huwezi kumwachia mwanao usukani ajifunze. Kwangu mimi hili la mwisho lilikuwa na thamani kuliko tofauti yote ya kwenye jedwali, na ndilo lililonirudisha kununua. Sijuti. Lakini nilijua ninalipia nini.

Njia ya kati ni watu watatu kununua boti ndogo moja pamoja. Zile 5,250,000 zinakuwa 1,750,000 kwa kila mmoja, na kila mmoja akienda mara 9 tu inakuwa nafuu kuliko kukodi. Kwa hesabu hakuna kinachoushinda ushirika. Kinachouvunja si pesa, ni nani ameirudisha bila kuosha, na nani atakuwa nayo Idd Pili. Andikeni mapema, kwenye karatasi, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu.

Kuna anayeniuliza kila mara kuhusu mashua ya mbao ya kufungwa mashine. Bei ya kununua ni ya chini na inapendeza kuliko faiba yoyote. Lakini mbao zinataka mkono wa mtu daima: kalafati (pamba ya kuziba) kwenye nyufa, deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) chini, sifa (mafuta ya papa) juu, na fundi wa mashua ambaye bado yuko hai na bado anajibu simu. Nikiwa Mafia au Lamu ningeifikiria. Masaki, hapana.

Msomaji wa Mwanza au Kisumu afute mistari ya chumvi na chaza, gharama za boyani zitashuka sana. Badala yake aandike magugu maji, yanayojifunga kwenye panga la mashine linalosukuma boti na kuziba njia ya maji ya kupoza. Aangalie ule uzi unavyokojoa kuliko sisi. Na wa Mtwapa au Kilifi ana bahati ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu: boya lake halipigwi na kusi kama la Msasani, mnyororo wake unadumu.

Ningemchagulia nani nini

Hujui bado utakwenda mara ngapi: kodi mwaka mzima na andika kila safari. Una watoto wa kufundisha, gari la kuvuta, na mahali pa kuegesha trela usipopalipia: boti ndogo, na usipandishe mashine zaidi ya 40 kabla ya miaka miwili. Una gari na watoto lakini uwanja unaulipia kwa bei ya nyumba ya kupanga: tafuta wenzako wawili. Boti kubwa ni ya anayevua kweli, kila wiki, na watu wanaochangia mafuta bila kukumbushwa, au anayeikodisha kwa kibali na nahodha mwenye cheti. Ukijikuta unasema utaikodisha ili ijilipe, hiyo ni biashara, ipigie hesabu ya biashara.

Shemeji hakuinunua ile ya mwenye kuhama. Alikubali kukodi mwaka mmoja na kuandika safari zake kwenye simu. Wiki iliyopita nilimuuliza amefikia ngapi.

"Kumi na moja," akasema. "Mbili kati ya hizo nilikuwa kwenye boti yako."

Nikanyamaza.

"Lakini Shem," akaendelea, "kuna jamaa Kigamboni anauza ya futi 19, na trela yake."

Nikamuuliza tairi za trela zina umri gani.